Senizo Nyeupe Haiombwi

Tampico, 9 Machi 1987

Wifi yangu Herlinda,

Nakusalimu, na nakuuliza moja kwa moja kwa sababu unanijua: ni kweli barabara kuu itapita juu ya nyumba ya wazazi wangu? Evelio mwanangu amesikia kwa simu kutoka kwa Nohemí wako kule Saltillo. Anasema wapimaji wamekwisha kupigilia vigingi hapo Noria Chica, na kimoja kimesimama katikati ya ua. Mbona habari za kwetu nazisikia kwa watoto? Au mke wa kaka akishafiwa na mume hana tena wifi?

Nyumba sina haja nayo. Ni udongo, na udongo utarudi kuwa udongo. Ninachotaka ni ile senizo ya Mama, iliyo mbele ya mlango. Milima yote ya kwetu imejaa vichaka vya senizo za zambarau, lakini nyeupe sijaona nyingine maishani mwangu. Wala mbegu zake hazizai nyeupe. Wewe mwenyewe umezipanda mara ngapi zikatoka zambarau kama za mlimani? Weupe ule hupita kwa tawi tu. Wakikiangusha kile kichaka, basi, tumekikosa milele.

Nikatie matawi machache unitumie kwa posta. Hapa nina kibaraza na makopo matupu. Asante sana wifi, tena asante mara nyingi, maana najua magoti yako ni mabovu na kuinama ni kazi.

Jana mchana hewa ilikuwa nzito, nikajikuta nimetoka nje kutazama kama senizo imechanua. Fikiria! Niko Tampico tangu mwaka arobaini na tisa, na bado nikisikia harufu ya mvua natafuta maua meupe mlangoni. Unakumbuka ilipochanua Mama alivyokuwa akipiga kelele, "Imevaa! Imevaa! Toeni makarai!" na mbingu haina hata wingu? Na kesho yake mvua inakuja kweli. Hapa mvua haitangazwi na mtu. Inanyesha tu.

Wako,
Eduviges


Noria Chica, 22 Machi 1987

Wifi Viges, mtu wa pwani,

Ni kweli tupu. Kigingi kipo uani, kimefungwa utepe mwekundu, nami nimemfunga beberu hapo ili nacho kiwe na kazi. Mhandisi alikuja na kofia yake ya plastiki akanikuta nakamua jibini. Akasema, "Bibi, mpaka Novemba muwe mmehama." Nikamwambia, "Mjukuu wangu, tumeishi hapa bila barabara tangu enzi za mapinduzi, mngesubiri kidogo nife." Akacheka, akala jibini, akaomba jingine la kumpelekea mkewe. Kisha akaenda zake na kigingi kikabaki. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utalia, na wewe ukilia unakuwa mkali.

Matawi nimekutumia kwenye kifurushi hiki. Urefu wa shubiri moja, nimeyakata chini ya kifundo na kung'oa majani ya chini. Toboa kopo la pilipili matundu mengi. Usiweke udongo mweusi wa huko kwenu, unaonuka utajiri. Tia mchanga na kokoto, na ukipata chokaa ya ukuta uliobomoka iponde uchanganye. Chovya ncha kwenye ute wa mshubiri. Maji kidogo, kisha yasahau.

Lakini Viges! Umeshukuru! Tena kwa maandishi! Mwanamke aliyezaliwa Noria Chica! Bahari imekuingia kichwani? Hujui tena kwamba mmea wa kupewa haushiki, na wa kushukuriwa hufa kabla haujafika? Unaoshika ni wa kuibwa. Ndiyo maana mgeni akisifu maua yako unamwambia, "Ngoja nikatazame maharagwe jikoni," unaingia, unagonga sufuria ajue huchungulii, na ukitoka mgeni ameshaaga na mfuko wa aproni umetuna. Hakuna aliyeona, hakuna aliyeshukuru, na mmea unastawi. Jirani yangu Crisanto ameniibia mpaka simchukulii tena kama jirani, ni shemeji wa bustani.

Sasa mimi nitakugongea sufuria kwa posta? Haya, tuombe Mungu.

Wako,
Herlinda


Tampico, 30 Aprili 1987

Wifi,

Yameoza. Yote. Kifurushi kilifika na gazeti limelowa, majani yameanza kuwa meusi, na nilipofungua ilitoka harufu ya kitambaa cha jikoni. Niliyapanda hivyo hivyo. Nikayafunika kwa mfuko wa plastiki, kama Evelio alivyoshauriwa na mwuza maua wa sokoni, na nikawa nayanyunyizia asubuhi na jioni. Moja lilisimama kijani mpaka juzi nikaanza kulisemesha. Leo nimelivuta kidogo likatoka mkononi, chini limelainika kama ndizi.

Usinicheke. Najua unacheka.

Habari ya kushukuru ni ushirikina wa wazee. Nitumie mengine, uyafunge kavu. Na safari hii sikushukuru, unaona.

Eduviges


Noria Chica, 13 Mei 1987

Wifi Viges,

Nimecheka mpaka Crisanto akaja kuuliza kuna nini. Mfuko wa plastiki! Asubuhi na jioni! Umemvika mtoto wa jangwani blanketi ukamwogesha mara mbili kwa siku, halafu unashangaa amekufa. Senizo haifi kwa kiu, mama we. Inakufa kwa mapenzi.

Nimekutumia mengine, yamefungwa kavu kwenye gunia la katani. Lakini nakuambia mapema: hayatashika. Si kwa ajili ya plastiki. Mimi nimekufa ganzi mkono kwa kukata na kutuma, na kila ninapokata naona nafanya kinyume. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mkono wa mbali hauibi ua. Njoo mwenyewe. Basi mpaka njia panda, kutoka hapo Crisanto atakuchukua kwa pikapu yake. Njoo Agosti, matawi yakiwa yamekomaa nusu, si mabichi wala si kuni, ndiyo wakati wake.

Tena nikuulize, maana nimezeeka na sina tena haya: kwa nini huji? Mumeo Nazario alipofariki mimi nilikuja Tampico kumzika. Baudelio wangu, kaka yako, alipofariki wewe ulikutana nasi makaburini, ukatupa udongo wako, ukarudi njia panda. Hukufika nyumbani hata kunywa kahawa. Nikasema ni majonzi. Lakini majonzi gani hayo ya tangu mwaka arobaini na tisa?

Wako,
Herlinda


Tampico, 26 Mei 1987

Wifi,

Hayo ya gunia nayo yamekauka. Umefurahi?

Sitakuja, na usinisukume. Nitakuambia jambo ambalo hata kaka yangu Baudelio sikumwambia, ili uache kuuliza.

Siku ninaondoka na Nazario, lori lake la kununulia nta vijijini likinguruma njiani, Mama hakuniaga. Mimi nafunga sanduku, yeye kaingia jikoni na kuurudisha mlango. Nilitoka peke yangu. Na pale kwenye benchi, kando ya senizo, niliukuta mkasi wake wa kukatia manyoya ya mbuzi, mdomo wazi, umeelekezwa kwangu. Unajua mkasi ule. Ulikaa msumarini jikoni mwaka mzima, hata Baba hakuruhusiwa kuugusa. Haukutembea wenyewe mpaka nje.

Na kwetu nani hajui maana yake? Mtu humpi kisu wala mkasi, unakata undugu. Ukimwekea njiani siku anayoondoka, tena wazi, umemwambia kwamba umemkata. Hakumpenda Nazario, sawa. Alitaka niolewe karibu, sawa. Angenitukana, angenipiga kofi, ningelia na kumbusu mkono. Lakini alinikata bila kufungua mdomo, Herlinda. Nilipanda lori na sikugeuka nyuma. Niliapa sitakanyaga ua ule tena. Hata alipokufa sikuja, na nayajua yote mliyonisema.

Sasa unauliza kwa nini basi nalitaka ua lake. Sijui. Ningejua nisingelitaka.

Eduviges


Noria Chica, 14 Juni 1987

Viges, Viges, Viges,

Nimeisomea barua yako pale pale kwa mwenye kuleta posta, kisha nikakaa chini kwenye vumbi na mbuzi wakanizunguka. Sikuweza kuandika wiki nzima. Mungu wangu, miaka yote hii!

Sikiliza. Mimi nilikuwa jikoni siku ile. Nilikuwa bi harusi mpya, bado namwogopa mama mkwe kama radi. Aliingia, akachukua ungo wa maharagwe, akaanza kuchambua mawe. Nikamwambia, "Mama, hayo nimeshachambua asubuhi." Akasema, "Nyamaza, kaa." Nikataka kwenda dirishani nikupungie mkono. Akanidaka kwa sketi: "We mpumbavu, usitazame nje, utamtia haya! Mwache achague tawi lake." Akaanza kugonga sufuria kwa mwiko, ko, ko, ko, sufuria tupu. Mimi na ujinga wangu nikamwuliza kwa nini asikukatie yeye akupe mkononi, wewe binti yake wa pekee. Akaniambia, na maneno haya sijayaongeza wala kuyapunguza: "Nikimpa litamfia njiani. Nataka limshike huko aendako."

Ulipita muda. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Anachelewa. Anatafuta lililo zuri." Kisha tukasikia lori.

Alitoka mbio. Wewe hukuwahi kumwona Mama akikimbia, mimi nilimwona mara hiyo moja. Akakishika kile kichaka akakipapasa tawi kwa tawi, chini, juu, nyuma, kutafuta palipokatwa. Akasema, "Hakuchukua." Basi. Akaenda kukamua mbuzi, na jioni ile hakula.

Mkasi hakuurudisha msumarini. Uliendelea kukaa pale benchini, jua na umande juu yake. Na kila lori la nta liliposikika kwenye kona ya mlima, mama mkwe wangu aliacha alichokuwa anafanya akaingia jikoni, akagonga sufuria. Mkasi ulikula kutu mpaka ukagoma kufunga, na siku tunamzika bado ulikuwa pale.

Mimi nilidhani unajua! Nani wa Noria Chica asiyejua mkasi ulioachwa kando ya ua ni wa kazi gani? Nilidhani ulielewa ukadharau, kwa kile kiburi chenu cha ukoo wa Rentería, na katika nyumba hii jambo likiuma halitajwi. Baudelio alidhani hivyo hivyo. Mama mwenyewe alikufa akidhani hivyo. Wewe siku ile ulikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira akikuta mkasi ataona wa kukatia nini?

Naandika huku nalia, ndiyo maana wino umetapakaa. Njoo, wifi. Njoo kabla ya tingatinga.

Herlinda


Noria Chica, 19 Julai 1987

Wifi Viges,

Hujajibu. Kimya kingi kina mshindo, na nauogopa mshindo wako.

Sitasema tena ya barua ile. Nakuambia tu habari. Tingatinga limefika kwenye zizi la Crisanto, ukuta wa mawe aliojenga babu yake umelala chini kwa muda wa kuvuta sigara moja. Crisanto alisimama kutazama akiwa na kofia mkononi kama yuko kanisani. Familia ya mwisho ya ng'ambo ya kisima imehamia Monterrey. Usiku naona taa yangu peke yake. Nohemí ananihimiza nihamie kwake Saltillo, ameshaninunulia kitanda.

Senizo imechanua wiki hii, imekuwa nyeupe mpaka chini. Nilitoa makarai kwa mazoea, ingawa siku hizi maji yanaletwa na gari la tangi. Mvua ilikuja kesho yake, ikapiga kwenye makarai yale, na nikakaa mlangoni kuisikiliza kama tulivyokuwa tukikaa sote, wewe ukiimba kwa sauti mbaya.

Mimi nitakuwa jikoni mwezi wote wa Agosti. Maharagwe yangu siku hizi yanahitaji kutazamwa sana.

Herlinda


Noria Chica, 29 Agosti 1987

Wifi,

Jumanne ameingia mwizi uani kwangu.

Nilisikia pikapu ya Crisanto, nikasikia mlango wa gari, nikasikia viatu vya mjini kwenye kokoto. Mbwa hakubweka, mpumbavu yule. Mimi niliingia jikoni kama inavyotakiwa. Niligonga sufuria. Nilichambua maharagwe yaliyochambuliwa. Sikuchungulia, naapa kwa Baudelio, ingawa shingo iliniuma kwa hamu. Nilisikia mkasi mara tatu. Kisha nikasikia mtu amekaa kwenye benchi, akakaa, akakaa.

Nilikuwa nimechinja mbuzi, Viges. Mwana mbuzi mdogo, wa maziwa, kama unavyopenda. Nilikuwa nimeoka tortila za ngano, nimezifunika kwa taulo. Nilikuwa nimetoa vikombe vya harusi yangu. Nikangoja mlango ufunguliwe.

Nikasikia pikapu inawashwa.

Nilitoka, nikaona vumbi tu. Crisanto aliporudi alisema ulimshika mkono ukamwambia, "Twende, twende upesi." Aliomba msamaha kwangu kama yeye ndiye aliyekosa. Tulimla yule mbuzi mimi na yeye, na hakuwa na ladha.

Nimekaa kwenye benchi nikakitazama kichaka palipokatwa. Umekata vizuri, mkono wako haujasahau. Lakini nikuambie ukweli wangu: nimeumia. Sasa namwelewa mama mkwe zaidi ya nilivyotaka. Yeye angalau hakuwa amechinja.

Herlinda


Tampico, 16 Septemba 1987

Herlinda,

Leo ni sikukuu ya taifa, Evelio na watoto wameenda kutazama fataki, mimi nimebaki na makopo.

Nilikuja niingie. Niamini. Nilikata, nikaweka matawi kwenye aproni, nikakaa benchini kupumua kwanza, nijifute uso. Na wakati wote ule sufuria ilikuwa inagongwa. Ko, ko, ko. Nilijua ni wewe. Nina akili zangu. Lakini kadiri nilivyokaa bila kuingia, yule wa jikoni aliweza kuwa Mama. Ana maharagwe yake, amefurahi, anasikia mkasi unafanya kazi. Nilikaa naye hivyo, yeye ndani na mimi nje, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa. Nikamwambia kimoyomoyo, "Nimechukua, Mama." Sasa ningefungua mlango ule nikukute wewe? Ningekuchukia, Herlinda, kwa dakika moja ningekuchukia kwa kutokuwa yeye, na wewe ungeona usoni kwangu. Nikakimbia.

Njia nzima nililia mpaka dereva wa basi akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia mama yangu. Akasema pole sana, lini?

Sikuwaza kuhusu mbuzi. Sikuwaza kwamba na wewe unangoja. Nimesoma barua yako nikaona nimefanya tena kile kile, na safari hii sina hata mkasi wa kusingizia.

Eduviges


Saltillo, 10 Desemba 1987

Wifi,

Nakuandikia kutoka kwa Nohemí. Barua yako ya Septemba nimeisoma mara nyingi, na hasira imeniisha, imebaki kama kovu la moto wa jiko, haliumi ila ukiligusa.

Wameibomoa. Nilitaka nisitazame nikatazama. Tingatinga lilianza na jikoni. Lile jiko lililojaa masizi ya nta aliyochemsha Baba yenu, harufu yake ilitoka mara moja, yote, kama wamefungua sanduku, nami nikasimama naivuta puani mpaka ikaisha. Kisha likaja kwenye senizo. Ilikatika kwa mlio mmoja. Mhandisi yule mla jibini alisimamisha kazi akaniuliza kama nataka kuni. Mtoto wa watu, hakuwa na ubaya.

Nilikuwa nimeshakata yangu, makopo matatu, nikaja nayo mapajani. Lakini kile kichaka kilikuwa changu, nani anajiibia mwenyewe? Mawili yalikauka. La tatu lilitoa jani jipya, nikashangilia. Nohemí naye, kwa huruma yake, akaona mmea wa mama una kiu, akaumwagia maji aliyofulia, yenye dawa ya kung'arishia nguo. Ni mtoto mwema. Nimemwambia halikuwa na maana.

Lilikuwa na maana, Viges. Nilikitazama kichaka kile kila asubuhi tangu nilipoolewa. Hapa dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, umepakwa rangi ya kijani. Nakula vizuri, kitanda ni laini, wajukuu wananiheshimu. Na nikisikia hewa nzito sina pa kutazama.

Yako yamekuwaje? Niambie ukweli hata kama yamekufa. Kama yamekufa basi yamekwisha yote, na tutajua.

Herlinda


Tampico, 3 Mei 1988

Wifi yangu Herlinda,

Sikujibu mapema kwa sababu niliogopa kuandika kabla ya wakati. Mawili yalikufa Oktoba. Moja limesimama. Nililiweka chini ya paa ambapo mvua hailifikii, kwenye mchanga na chokaa ya ukuta wa kanisa la zamani, ambayo sikuomba ruhusa kuichukua. Sikulimwagilia. Sikulisemesha. Evelio alisema, "Mama, mbona unalichukia?" Nikamwambia ndivyo linavyotaka.

Jana limechanua. Meupe, Herlinda. Machache, madogo, lakini meupe kama ya mlangoni. Nikawapigia watoto kelele, "Imevaa!" nao wakanitazama kama nimeugua. Nikatoa karai peke yangu. Mvua haikuja, na leo limechanua zaidi na mvua haijaja bado. Nadhani kwa unyevu wa huku litakuwa linadanganya kila wiki. Halina tabia ya nyumbani, litajifunza au halitajifunza.

Nilikaa mbele yake nikamkumbuka Mama bila kuumia, nikamkumbuka akicheka, nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na pengo la jino upande wa kushoto na akicheka aliliziba kwa kidole. Umeliona pengo lile zaidi yangu mimi. Hakuna mwingine aliyebaki wa kuniambia nimekumbuka vizuri au vibaya.

Sasa nisikilize. Sikupi tawi. Hata uombe, sikupi, sitaki likufie kwenye basi. Kopo lipo kibarazani, upande wa kulia wa mlango, na litakuwa limekomaa Agosti. Mwambie Nohemí akupandishe basi la Jumatano ya kwanza ya mwezi huo. Alhamisi asubuhi Evelio atakuchukua kituoni akushushe langoni aende kazini. Mimi nitakuwa nimekwenda sokoni kununua samaki, na lango litakuwa wazi. Chukua tawi unalolitaka, chukua lililo zuri, likate mpaka nusu kama unataka, sitaona wala sitauliza.

Lakini usiondoke. Nakuomba kwa yote tuliyozika pamoja. Ukishaiba kaa hapo kibarazani na mfuko wako umetuna, usione haya, uningoje mpaka nirudi.

Wifi yako,
Viges